Kamba ya Iyangura: kusoma tena habari ya Mwindo

Ndugu msomaji, nianze na jambo lililoniumiza. Miaka kadhaa iliyopita mwanafunzi wangu mmoja wa kalasi ya tano, hapa Masisi, aliacha daftari zake akaenda porini na wenye bunduki. Wenzake waliniambia kwamba kule amejipatia jina jipya: Mwindo. Nilisikia haya, sababu habari ya Mwindo ni mimi niliyewafundisha.

Nikakumbuka somo lile. Kijana huyo huyo alisimama akasema: «Mwalimu, Mwindo alishinda juu alikuwa na nguvu, yeye peke yake. Hata baba yake alimukimbia.» Nami nikajibu: ndiyo, vizuri, kaa. Ile «ndiyo» yangu ndiyo ninataka kuisahihisha katika kurasa hizi.

Kwa wasomaji wasiokulia kwa Banyanga wa Walikale, niikumbushe habari kwa kifupi. Shemwindo, mkubwa wa Tubondo, aliwaamuru wake zake wazae watoto wa kike tu. Mwindo akazaliwa mwanamume, tena akitokea katika kidole cha mama yake, akitembea na kusema siku ile ile. Baba alimrushia mkuki, akamzika, kisha akamfunga ndani ya ngoma na kumtupa mtoni. Mtoto hakufa. Alimtafuta shangazi yake Iyangura, akarudi kuishinda Tubondo, akamfuata baba yake hata kuzimu. Mkononi alikuwa na conga, ule mkia wa kufukuzia nzi ambao wakubwa wanaushika.

Ukiisoma mbio, kweli utaona kijana mmoja anayeshinda wote. Vijana wetu, waliozaliwa katika vita, wanaisoma hivyo. Lakini mimi ninasema ni kusoma vibaya, na kosa linaanzia pale tunaporuka nyimbo.

Tuangalie namna habari hii ilivyotufikia. Mwaka 1956, mwimbaji Munyanga aitwaye Candi Rureke aliiimba yote mbele ya mtafiti Daniel Biebuyck, kwa muda wa siku 12. Kitabu kilitoka mwaka 1969, kazi ya Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene, mtaalamu wa lugha na mwana wa Banyanga. Siku 12 za kuimba, kusimulia, kucheza na kuigiza kwa mwili wote! Sisi walimu, saa mbili za kusema tu zinatukausha koo. Tena Rureke mwenyewe alisema kwamba hajawahi kuiimba yote kwa siku zinazofuatana. Desturi ilikuwa kuimba kipande leo, kipande siku nyingine.

Alivumilia kwa njia gani? Hapa muziki unajibu. Rureke hakuwa peke yake. Yeye alikuwa na kibuyu cha kutikisa na njuga miguuni. Kando yake vijana walipiga kwa vijiti juu ya gogo kavu lililolazwa chini, na wengine kati yao walikuwa wanafunzi wake katika kazi ile. Alipopumzisha sauti, wao na watu waliokusanyika waliitika wimbo. Kuitika kule hakukuwa mapambo. Ni pale mwimbaji alipovuta pumzi, ni pale wengine walipombeba.

Kwa hiyo ninakipenda kitabu kile, lakini nina neno juu yake. Karatasi imetunza maneno, haikuweza kutunza mwitikio. Wimbo ulioandikwa unaonekana ni kurudia-rudia tu. Mwanafunzi anauruka kusudi afike haraka pale pa vita. Akiruka nyimbo amewatoa watu wote waliombeba mwimbaji, amebaki na shujaa peke yake na silaha yake. Kosa la kitabu ni dogo, haliwezi kuepukwa. Kosa letu walimu ni kubwa zaidi: tumesahau kuwaonyesha watoto nani walikuwa wanaitika.

Sasa rudi ndani ya habari yenyewe, utaona jambo lile lile. Wajomba zake, wafua chuma, ndio waliofunika mwili wake kwa chuma kabla ya vita. Kahindo, binti wa mwenye kuzimu, ndiye aliyemfundisha namna ya kupita salama kwa baba yake. Halafu iko kamba. Mwindo alipotaka kushuka kuzimu, alimuachia Iyangura ncha moja ya kamba, akashuka na nyingine. Kamba ikitikisika, shangazi atajua yuko hai, ikitulia, basi. Ninawaza sana huyu mama aliyekaa Tubondo na kamba mkononi. Hakuna anayemwita shujaa. Lakini kukaa bila kulegeza mkono, bila kujua mtoto yuko wapi, hiyo si ushujaa?

Na mwisho wa safari ile ni nini? Mwindo hakumuua baba yake. Alimrudisha nyumbani, baba akakiri makosa yake mbele ya watu, wakasameheana, wakagawana utawala. Kisha Mwindo, kwa majivuno, aliua joka Kirimu. Nkuba, radi, rafiki wa joka lile, akamchukua juu mbinguni, akakaa kule mwaka mmoja katika baridi, mvua na jua, akifundishwa unyenyekevu. Aliporudi aliwaambia watu wake walime, wasigombane, wasimcheke mgonjwa anayepita kijijini. Mtu anayejiita Mwindo bila kupita katika mwaka ule amechukua nusu ya jina.

Nitoe mfano wa nyumbani. Mdogo wangu alikuwa mbebaji katika mgodi wa Bisie, teritwari ya Walikale, miaka ile kasiterite ilipovuta vijana wengi baada ya 2002. Magunia ya kilo 50, msituni, zaidi ya kilomita 40 mpaka barabarani. Nilimwuliza walipata wapi nguvu. Hakusema misuli, hakusema makuta. Alisema: «Yaya, wa mbele anaimba, wa nyuma anaitika. Siku hakuna mwenye kuitika, muzigo unakushinda.» Hajasoma kitabu cha Mwindo hata ukurasa mmoja, lakini ameielewa habari kuliko mimi na diploma yangu.

Sisemi wimbo unaondoa ubaya wa mzigo ule. Vijana waliumia, na kijana hapaswi kubeba gunia la namna hiyo kusudi ale. Ninasema tu kwamba uvumilivu tunaousifu kwa mtu mmoja, mara nyingi umeshikwa na wengi.

Yule mwanafunzi wangu hakurudi kalasini. Mama yake alikuwa anauza sombe sokoni, na kila nilipopita aliniuliza kama nimesikia neno. Mwaka 2025, vita ilipoingia Masisi mwezi wa kwanza, kisha ikafika Walikale mwezi wa tatu, watu walitawanyika. Yeye alikawia kuondoka. Majirani walipomuhimiza, alijibu: «Akirudi, atanikuta wapi?» Siku ile nilimwona Iyangura kwa macho yangu.

Basi ndugu zangu wa chama chetu na walimu wenzangu wa Masisi na wa Walikale, ombi langu ni dogo. Tukifundisha Mwindo, tusiruke nyimbo. Tuweke gogo chini, vijana watatu wapige, mmoja asimulie, kalasi nzima iitike. Tukimpata mzee anayejua kipande, tusichukue sauti yake peke yake. Tuwachukue na wanaomuitikia, na majina yao tuyaandike. Kisha tumuulize kila mtoto, kabla ya kumwuliza nani alishinda: nani alikuwa anashika kamba? Mimi sikumwuliza kijana wangu swali hilo. Ninawauliza wengine sasa.