Fundi Asiyeitwa Fundi

Mvua ikinyesha usiku Kajiado na paa likaanza kuvuja, anayeamka ni mama. Hahitaji ngazi, paa la enkaji, nyumba ya Kimaasai, liko chini, karibu usawa wa kichwa. Anachota mavi mabichi ya ng'ombe, anaziba ufa kwa kiganja gizani, kisha anarudi kulala, kama usingizi utamrudia.

Wanaume wa Kimaasai hujenga ua wa miiba. Nyumba ni ya mwanamke tangu ufito wa kwanza: anakata miti ya leleshwa, anabeba mgongoni, anachimbia, anakunja, anafuma, anajaza majani, halafu anakanda udongo, mavi na majivu. Ndani anatenga kizimba cha ndama wachanga, maana fisi hawako mbali. Mbuga ya Taifa ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1946, haina ua upande wa kusini. Kwa hiyo nyumba ni zizi pia.

Kitengela ya leo, kusini mwa mbuga hiyo, ni mawe na mabati. Fundi wa mabati hulipwa, wakati mwingine kabla hajashuka. Huyu wa enkaji sijasikia akiitwa fundi. Kiangazi hupasua kuta zake, naye hukandika upya kwa mikono mitupu kabla ya mvua za Machi.