Kabla ya Spana

Spana haimtambulishi fundi. Karatu spana ziko kila kona. Huu ndio mji mkubwa wa mwisho kabla ya geti la Lodoare, na magari yanayoshusha wageni kwenye kreta ya Ngorongoro asubuhi hurudi jioni na bushi zilizolegea na shokamzoba zinazovuja. Kijana aliyekaa miaka miwili kwenye gereji za barabara kuu anaweza kushusha gia boksi ya Land Cruiser usiku kucha, na alfajiri wageni wakaondoka kwa wakati. Ni kazi ya heshima. Ila iko kazi nyingine mjini hapo, yenye malipo madogo na haraka ndogo zaidi, inayofanywa na mzee mmoja chini ya mgrevilea, nyuma ya safu za maduka. Yeye anafufua pikipiki ndogo za Kijapani za miaka ya 1960 na 1970. Nimekaa naye vya kutosha kujua kwamba sehemu ngumu ya kazi yake hufanyika mikono ikiwa mitupu.

Niliyomkuta nayo safari hii ilitoka Mang'ola, bonde la vitunguu kando ya Ziwa Eyasi. Ilikuwa imekaa ghalani hadi maganda ya vitunguu yakajaa kwenye kila tundu. Kijana aliyeileta alisema ni Honda hamsini ya marehemu babu yake, aliyekuwa mwalimu. Mzee aliitikia shikamoo yake, akaizunguka pikipiki polepole, akachuchumaa upande wa kushoto, akakaa hapo.

"Babu yako alinunua hamsini," akasema hatimaye. "Hii aliyokuachia, ngoja tuione kwanza."

Hizi ni zile Super Cub, ambazo wazee wengi wanazikumbuka kwa jina la Honda tu. Ya kwanza ilitoka Japani Agosti 1958. Soichiro Honda alikuwa mtu wa injini. Mshirika wake Takeo Fujisawa alikuwa mtu wa biashara, na ndiye aliyedai pikipiki ambayo mpeleka chakula wa Tokyo angeiendesha kwa mkono mmoja huku mwingine umebeba sinia la tambi. Ndiyo maana haina klachi ya mkononi, na zile za mwanzo swichi ya indiketa iliwekwa kulia ili mkono wa kushoto ubaki huru. Fremu ni bati lililokunjwa na kuungwa, ngao ya miguu ni plastiki, tanki limejificha chini ya siti, injini imelala chali. Oktoba 2017 kampuni ilitangaza kwamba zilizotengenezwa zimefika milioni 100, idadi ambayo hakuna chombo kingine cha moto kimewahi kuifikia. Wingi huo ndio unaomfanya mtu adhani zote ni sawa. Ukizitazama kwa mbali, hamsini, sabini na tisini hazitofautiani, na udanganyifu mwingi wa mnadani unaishi kwenye kufanana huko.

Utambuzi huanza na mswaki na mafuta ya taa. Namba ya injini iko chini, ubavu wa kushoto, mahali ambapo oili, uchafu wa cheni na vumbi jekundu la Karatu huungana na kuganda miaka nenda rudi. Mzee hatumii patasi pale, wala brashi ya waya. Aluminiamu ni laini na herufi hazikuchimbwa kwa kina, hivyo ukikwangua kwa pupa umefuta cheti cha kuzaliwa cha mashine. Analowesha, anasubiri, anasugua kidogo, analowesha tena. Kijana alipochoka kusimama akaenda kunywa chai. Aliporudi, herufi za mwanzo zilikuwa zimeanza kusomeka: C70E. Namba ya fremu, iliyosafishwa kwa utaratibu uleule, ilianza na C50.

Kwa hiyo fremu ni ya hamsini, injini ni ya sabini. Mtu mwingine angeishia hapo, akaagiza spea. Mzee haiamini namba ikiwa peke yake, na sababu yake imenifurahisha kuliko jambo lingine lolote alilowahi kunieleza. Injini ya C50 iliyotoka mwaka 1966, ile yenye kamshafti juu kwenye hedi, ina silinda ya kipenyo cha milimita 39, na pistoni husafiri milimita 41.4. C70 ina kipenyo cha milimita 47, lakini mwendo wa pistoni ni uleule, 41.4. Maana yake ni kwamba waliokuwa na shida waliweza kuchanganya: kasha la hii, silinda ya ile. Ukiingiza waya kwenye tundu la plagi na kupima pistoni inapanda kiasi gani, hujajua kitu. Tisini ingejulikana bila hata kufunguliwa, kwa sababu C90 za enzi hizo ziliwekewa pointi za moto kwenye hedi, chini ya kifuniko kidogo upande wa kushoto, wakati hamsini na sabini pointi zao zimefichwa nyuma ya magneti. Tisini ikaondolewa kwenye orodha kwa kuangalia tu. Kati ya hamsini na sabini, lazima hedi ing'oke.

Na hedi haing'oki kwa nguvu. Skrubu za Kijapani zina msalaba unaofanana sana na wa bisibisi ya nyota ya kawaida, ila haufanani kamili. Pembe zake ni nyingine. Bisibisi ya kawaida huingia karibu ivae, kisha mtu anapoongeza nguvu inaruka na kuacha shimo la mviringo. Nimeona Honda nyingi zenye mashimo hayo, kila moja ni saini ya fundi mwenye haraka. Mzee ana bisibisi tatu ambazo amezinoa ncha mwenyewe kwa jiwe, akizijaribu kwenye skrubu nzima hadi zikatulia bila kucheza. Huweka matone ya mafuta, huziacha zilale usiku, asubuhi hugonga kitako cha bisibisi mara moja, kwa nyundo ndogo, ndipo azungushe. Skrubu zote za kasha la kushoto zilitoka nzima. Hakusema neno, lakini alizipanga juu ya kipande cha boksi, kila moja kwenye tundu lake, kwa mpangilio ule zilivyokaa kwenye injini.

Vernia ilisoma 47.25. Sabini kweli, na zaidi ya hapo silinda iliwahi kupanuliwa mara moja, kwa sababu saizi za kupanulia za Honda hupanda robo robo ya milimita. Mtu fulani, mahali fulani, alipata pistoni ya saizi ya kwanza ya kupanulia na mashine ya kukereza, akaifanya kazi hiyo sawasawa. Hapo mzee alitabasamu kwa mara ya kwanza. Alikuwa amekutana na fundi mwenzake.

Kijana aliingiwa na wasiwasi wa spea, nikamwelewa. Hakuwa na haja. Kipimo cha 47 kwa 41.4 hakijafa: Pakistani bado wanaunda Honda CD70 yenye injini ya ukoo uleule, na Wachina wameiiga injini hii ya kulala kwa miongo kadhaa. Pistoni, ringi na gasketi vinapatikana. Hata vile vipikipiki vya kuchezea ambavyo wakusanyaji wa Marekani na Ulaya wanavinunua kwa bei ya kushangaza, vile vya Honda Monkey, vilianzia kwenye injini ya Cub. Cha kwanza kiliundwa mwaka 1961 kwa ajili ya bustani ya michezo ya Tama Tech huko Tokyo, kikiwa na magurudumu ya inchi tano, ili watoto wazunguke nacho. Anayejua kuisoma injini ya mwalimu wa Mang'ola anaweza kuisoma na ya mkusanyaji wa California. Tofauti ni kwamba yule wa California ana kitabu.

Umeme nao una mtego wake. Kwenye magari mengi waya mweusi ni wa kurudisha, wa bodi. Honda wameufanya wa kijani kuwa wa bodi, na mweusi ndio unaobeba moto baada ya swichi. Ukiifunga Honda kwa mazoea ya gari lingine, utaunguza kitu. Mzee alizikuta nyaya zikiwa zimeungwa kwa utepe wa plasta ya hospitali, akazifuata moja moja kwa kidole toka taa ya nyuma hadi kwenye koili, akitaja rangi kwa sauti ya chini. Sehemu hii sitairefusha. Umeme wa volti sita una maneno machache.

Tanki lilichukua muda mrefu kuliko injini. Alimimina siki, akatia konzi ya nati ndogo, akaziba, akaketi kwenye kigoda akilisukasuka magotini kama mama anayesukasuka maziwa kwenye kibuyu. Kilichotoka kilikuwa chekundu kama udongo wa nje, na hakuacha mpaka kikatoka cheupe.

Sasa nifike kwenye jambo linalonifanya nimheshimu. Kufufua, kwa wengi, ni kurudisha kitu kilivyotoka kiwandani. Kwa mantiki hiyo pikipiki hii ilikuwa na makosa tupu: injini si yake, silinda imepanuliwa, na kwenye muungio wa uma wa nyuma, palipokuwa na mpira wa kiwandani, kulikuwa na bushi za shaba ya njano. Mzee alizitoa, akazisafisha, akanionyesha mistari yake. Ilikuwa ya tupa. Mashine ya kukereza huacha duara. Alikisia kwamba zimetoka kwa wahunzi wa Kidatoga wa upande wa Eyasi, wale wanaoyeyusha makufuli na mabomba ya zamani kuwa bangili. Hana ushahidi, nami sina, ila kisio hilo lina mantiki ya mahali na ya wakati. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 fedha za kigeni ziliadimika, na mpaka serikali iliporuhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe mwaka 1984, mwalimu wa Mang'ola asingepata mpira wa Honda hata kwa dawa. Alikuwa na wahunzi jirani.

Bushi zikarudi mahali pake, zikiwa na grisi mpya. Fundi akaondoa kile tu kilichokuwa kinaua mashine: waya wa kufungia uzio uliokuwa umeshikilia ekzosi, njiti za baiskeli zilizokuwa zimepachikwa kwenye rimu ya mbele, na tabaka mbili za rangi ya mafuta ya milango. Chini ya rangi hiyo ilikuwepo ile ya kiwandani, bluu iliyochujuka. Kijana alitaka nyekundu. Walibishana kwa adabu, "mwanangu" huku na "mzee wangu" kule, na mzee akashinda kwa kukataa kununua nyekundu.

Mimi ningekata tamaa kwenye kabureta. Hewa hupungua uzito kwa karibu sehemu moja ya kumi kila unapopanda mita 1,000. Mji wa Mto wa Mbu, chini bondeni, uko kama mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, Karatu iko kama 1,500, ukingo wa kreta unapita 2,200. Pikipiki iliyowekwa sawa chini itapanda mlima ikilewa petroli, itatoa moshi mweusi na kukosa nguvu pale inapozihitaji zaidi. Mzee aliseti tapeti kwa nafasi ya milimita 0.05, injini ikiwa baridi, akalinganisha alama ya F kwenye magneti na ile ya kwenye kasha, akapiga kiki. Ilikohoa mara kadhaa, ikashika. Kisha akaipandisha mwenyewe hadi karibu na Lodoare, akaizima ghafla, akafungua plagi barabarani huku magari ya wageni yakimpita. Ilikuwa nyeusi. Akarekebisha, akashuka, akapanda tena hadi plagi ikatoka na kahawia hafifu.

Aliporudi alichora kwa msumari alama mbili ndogo kando ya skrubu ya hewa, moja ya Mang'ola na moja ya Karatu, akamwonyesha kijana namna ya kuigeuza kutoka hii kwenda ile, robo mzunguko, si zaidi. Kijana akauliza kama pikipiki inaweza kufungwa redio. Mzee akamwambia betri ni ya volti sita, kisha akamtajia gharama yote, akaanza kukusanya bisibisi zake.