Heko kwa Wakusanya Taka wa Bonyokwa

Jijini Dar es Salaam, taka nyingi hupakiwa kwenye lori zikiwa mchanganyiko, zikapelekwa dampo la Pugu Kinyamwezi. Katika kata ya Bonyokwa, wilayani Ilala, wakusanya taka wameshika njia nyingine, nami nawapongeza kwa moyo wote. Kwa kushirikiana na asasi ya Nipe Fagio, iliyoanzishwa mwaka 2013, wameunda ushirika wao wenyewe. Hupita nyumba kwa nyumba wakiwaelekeza watu kutenga: maganda na makombo huku, chupa na makopo kule, na yasiyofaa kitu peke yake.

Ni kazi ya subira. Mpangaji mpya akihamia, somo linaanza upya. Ganda la embe likilala juu ya karatasi usiku mmoja, karatasi hiyo haina tena mnunuzi. Ndiyo maana kazi yenyewe iko mlangoni kwetu, si dampo. Yanayooza, mengine hugeuzwa mboji, mengine hulishwa funza ambao nao ni chakula cha kuku. Plastiki na vyuma huuzwa.

Tumezoea kuwaita watu hawa kwa majina ya dharau. Mimi nawaita mafundi, kwani anayejua kwa kugusa tu plastiki ipi inauzika na ipi haiuziki ana ujuzi wake.

Wakigonga kwako kesho, waamkie vizuri, walipe ada yao kwa wakati, na uwakabidhi taka ulizokwisha kuzitenga.