Kicheko na Jasho: Familia ya Mfanyakazi katika Good Times

Vichekesho vimehesabiwa na wahakiki wengi kuwa fani ya kupitishia wakati tu, isiyostahili kupimwa kwa mizani inayopimiwa tanzia. Dhana hii ina kasoro. Kicheko kina chanzo chake katika maisha ya jamii, na mhakiki akikifuatilia chanzo hicho aweza kuutambua msimamo wa kazi nzima. Mfano unaofaa ni Good Times, tamthilia ya mfululizo iliyoonyeshwa nchini Marekani na shirika la televisheni la CBS tangu Februari 1974 hadi Agosti 1979. Ilibuniwa na Eric Monte na Mike Evans, ikaendelezwa chini ya usimamizi wa Norman Lear. Dai la makala haya ni kwamba uzito wa tamthilia hiyo ulitokana na baba kuhangaikia kazi, na kwamba mhangaiko huo ulipoondolewa, umaskini uligeuka kuwa pambo la jukwaa.

Mandhari ni nyumba ya kupanga katika majumba marefu yaliyojengwa na serikali jijini Chicago. Mtaa hautajwi kwa jina katika mazungumzo, lakini picha za utangulizi ni za Cabrini-Green, ambako ghorofa ndefu ya mwisho ilibomolewa mwaka 2011. Humo wanaishi James Evans na mkewe Florida, Wamarekani Weusi, pamoja na watoto wao watatu: J.J. mchoraji, Thelma, na Michael, kitinda mimba mwenye siasa kali. Lifti huharibika, fedha hazitoshi, na mwenye kutaka kodi hasubiri. Jina lenyewe la tamthilia, lenye maana ya nyakati njema, ni kejeli.

Katika vipindi vya mwanzo kicheko huzaliwa na hali hiyo. James, anayeigizwa na John Amos, hufanya vibarua vya kila namna asipate kazi ya kudumu. Katika kipindi kimoja anatumaini kupata nafasi ya mafunzo ya kazi, naye anakataliwa kwa sababu amepita umri unaokubaliwa. Katika kingine familia inakabiliwa na kufukuzwa nyumbani kwa kukosa kodi, naye anatoka kwenda kuitafuta kwa kucheza biliadi kwa dau, njia ambayo mkewe mcha Mungu haipendi. Mzaha hapa haumdhalilishi mwenye shida, bali humfichua aliyeisababisha. Hasira ya James inachekesha kwa kuwa mtazamaji anajua ni ya haki, na utani wa mezani ni silaha ya watu wasiotaka kuvunjika moyo.

Sambamba na kicheko hicho kilikua kingine. J.J., aliyeigizwa na Jimmie Walker, alikuwa na neno lake la kujigamba lililotokana na jina la baruti, dinamiti. Neno hilo lilipendwa mno, likawa kibwagizo cha tamthilia. Kwa upande wa fani, tofauti ni kubwa. Kicheko cha hali huhitaji sababu: kodi, bosi, ilani mlangoni. Kibwagizo hakihitaji sababu yoyote; chaweza kutamkwa katika jumba la tajiri kisipungukiwe na kitu. Kila kilipoongezewa nafasi, masuala ya riziki yalisogezwa pembeni.

Waigizaji wenyewe waliliona jambo hili mapema. Esther Rolle, aliyemwigiza Florida, alikuwa ameshikilia tangu mwanzo kwamba familia hiyo iwe na baba, na mwaka 1975 alilalamika katika jarida la Ebony kuhusu mwelekeo wa mhusika J.J. Amos naye alipinga, akaachishwa kazi baada ya awamu ya tatu. Hivyo mfanyakazi aliyeigizwa aliondolewa pamoja na mfanyakazi aliyemwigiza.

Mnamo Septemba 1976 watazamaji walielezwa kwamba James, aliyekuwa ametangulia Mississippi kwa ajili ya kazi, amefariki katika ajali ya gari. Simu ya maandishi inafika familia ikiwa katika sherehe ya kuagana na majirani. Katika kipindi kinachofuata Florida anajikaza, halii, hata watoto wanamshangaa; mwishowe analitupa bakuli la kioo sakafuni na uchungu unabubujika. Wahenga walisema kilio huanza mfiwa. Hapa mfiwa alichelewa kulia, na ucheleweshaji huo ndio kilele cha tamthilia nzima.

Yaweza kujibiwa kwamba baba hufa hata katika maisha halisi, na kwamba mjane anayelea watoto naye ana hadithi ya kweli. Hoja hii ni sahihi. Kasoro basi haimo katika kifo chenyewe, bali katika yaliyokifuata. Wahusika waliobaki hutajwa wakiwa na ajira, lakini ajira hiyo haikuwa tena mhimili wa msuko. Rolle mwenyewe aliondoka mwaka 1977, akarudi kwa awamu ya mwisho. Na katika kipindi cha kufungia, mafundo yote yanafunguka mara moja: J.J. anafanikiwa kuuza kitabu chake cha vibonzo, na mume wa Thelma anapata mkataba wa kucheza mpira wa Kimarekani. Mlango ambao jasho la James halikuufungua unafunguliwa na bahati na vipaji.

Mwisho huo unamtuliza mtazamaji, lakini unalikana swali lililoulizwa mwaka 1974: kwa nini mtu anayefanya kazi mchana kutwa ashindwe kulipa kodi? Tamthilia ilipokuwa ikiliuliza swali hilo, ilichekesha na kuuma. Ilipoliacha, ilibaki kuchekesha tu.