Jani la Mkungu

Anayesema pwani hatuna majira ya majani kugeuka rangi hajawahi kufagia chini ya mkungu. Mti huu wa kivuli, unaouona kwenye nyua za Mtwara na Mikindani, haupukutishi kimyakimya. Jani huiva manjano, likaja chungwa, likaishia damu ya mzee, na mara nyingi rangi zote tatu hukaa kwenye jani moja kabla halijadondoka. Jani hilo ndilo ninalolishona kwenye mablanketi ya vipande.

Wamarekani, ambao kushona mablanketi ya vipande wamekufanya fani kubwa, wana kiolezo maarufu cha jani la maple: miraba tisa, mitatu mizima ya rangi ya jani, minne ya pembetatu mbilimbili, mmoja wa kikonyo na mmoja mtupu. Kazi safi, lakini jani letu halina pembe. La mkungu ni pana upande wa ncha, kisha linajibana taratibu kuelekea kikonyo. Ukilishona kwa pembetatu umeshona mti wa watu wengine.

Vitambaa havina shida. Korosho huanza kuvunwa Oktoba, minada hufuata, na hela ikishaingia mikononi mafundi cherehani hawalali. Chini ya meza zao mabaki ya vitenge hujaza viroba, na ukielekea mlango wa Ruvuma huenda ukaokota pia vipande vya kapulana kutoka ng'ambo, Msumbiji. Fundi atakushukuru kwa kumpunguzia takataka. Loweka kwanza: nyekundu ya bei rahisi huchuja, na ikichujia kwenye amerikani nyeupe umekwisha.

Unga vipande bila kupanga sana, mshono robo inchi, kila mshono ukipigwa pasi kuelekea upande wa rangi iliyokoza ili usionekane kwa juu. Kipande cha inchi 4 kikishashonwa pande zote hubaki inchi 3 na nusu. Asiyekumbuka hesabu hiyo jani lake husinyaa. Ukishapata kitambaa cha kutosha, ndipo ukate jani. Ukingo unakunjwa ndani, na penye mviringo unachanjwa vijino vidogo ili ulale, unapigwa bandi, kisha jani linashonewa juu ya mraba wa amerikani kwa mkono. Cherehani inaweza, ila huacha mstari mgumu ambao jani halina.

Ufundi huu wa kuunga vipande hatukuuazima kwa mtu. Khanga yenyewe, kwa simulizi inayojulikana pwani nzima, ilitokana na leso za Kireno: karne ya 19 wanawake walinunua leso zikiwa bado kwenye jora, wakakata sita, wakaziunga mbili kwa tatu zikawa vazi. Wenye maduka walipoona, wakaagiza kitambaa kilichokwisha kuchapwa hivyo. Na huko Karnataka, India, wanawake wa Wasidi, watu wenye asili ya Afrika, ambao mababu wa wengi wao walipelekwa Goa na Wareno, bado hushona kawandi, mablanketi yao ya vipande, kwa nguo kuukuu. Huanzia ukingoni, wakazunguka hadi katikati, na kila pembe huivisha kipande kidogo kiitwacho phula, yaani ua. Kawandi isiyo na phula kwao iko uchi. Mimi nimewafuata katika kuanzia ukingoni, maana majani yaliyofagiliwa hurundikana ukutani, hayakai katikati ya uwanja.

Wateja huomba majani yafanane. Mtini hayafanani: hili lina doa la kutu, lile limetobolewa na mdudu. Kwa lililotobolewa natumia khanga iliyochakaa, nikikata pale penye jina, yaani methali yake. Nusu neno likitokeza ukingoni, mteja husimama akajaribu kulimalizia, na mpaka amalize methali yake habari ya majani kufanana imeshamtoka.