Mizani ya Pembe Nne

Kwanza anaiosha. Mizani ya samaki ya ufuoni Asembo Bay humfikia fundi ikiwa imegandwa na magamba ya mbuta na kulowa maji ya barafu. Hagusi waya hata mmoja kabla ya kusugua sahani ya chuma, kuikausha kwa kitambaa na kuondoa changarawe zilizojibanza chini ya fremu. Changarawe moja ikikaa mahali pabaya hubeba sehemu ya mzigo, na kilo zikapotea bila mtu yeyote kuiba.

Kisha anaiinua sahani. Kila pembe imekalia kipande kifupi cha chuma, seli ya mzigo. Samaki wakiwekwa juu, chuma hicho hupinda kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona. Ndani yake zimebandikwa kwa gundi geji nne za metali nyembamba: mbili huvutwa, mbili hubanwa. Inayovutwa huongeza ukinzani wake wa umeme, inayobanwa huupunguza. Kwa geji ya omu 350, mzigo kamili hubadilisha takriban omu 0.7 tu. Wazo la kubandika waya juu ya kitu kinachopimwa lilizaliwa Marekani mwaka 1938, kwa Edward Simmons na Arthur Ruge, kila mmoja kivyake. Ruge alikuwa akichunguza jinsi tetemeko linavyoyatikisa matangi ya maji.

Sasa mita. Fundi anafungua kisanduku kidogo ambamo nyaya za seli zote nne hukutana, anazitenga, na kupima moja moja. Kijani na nyeupe: omu 350. Nyekundu na nyeusi: juu kidogo. Anaandika kwa penseli. Akimaliza pembe ya nne anarudi ya kwanza, kwa sababu unyevu ndani ya seli huonekana pale namba zisipotulia. Kifuko cha kunyonya unyevu anakitupa, anaweka kipya.

Kazi yenyewe inaanzia hapa, na ndiyo iliyonifanya nikae kumtazama. Mizani ya kilo 300 inayosoma kwa hatua za gramu 100 hupokea volti 5 na kurudisha, kwa mzigo kamili, milivolti 10 au pungufu. Gramu 100, basi, haifiki sehemu nne za milioni za volti. Fundi anapanga mawe matano ya kilo 20 kwenye pembe ya kwanza, anangoja namba itulie, anaandika, anayahamishia ya pili. Ya tatu. Ya nne. Namba zinapishana. Anatafuta pembe iliyosoma chini kuliko zote, anaiacha kama ilivyo. Zile zilizosoma juu anazishusha kwa bisibisi, akizungusha skrubu ya kisanduku kwa mzunguko mdogo usiofika robo. Halafu mawe yote yanazunguka upya, maana pembe moja ikiguswa nyingine tatu husogea.

“Fundi, bado?” anauliza mama mmoja mwenye karai la ngege.

“Bado, mama. Pembe moja inabisha.”

Kazi hii ya pembe anaifanya asubuhi. Mchana upepo wa ziwani huipiga sahani na gramu hazitulii, na yeye hataki kubahatisha.

Maabara za uhandisi zina chombo kinachoipa kila geji njia yake: huilisha umeme, huisawazisha iwe sifuri, huchuja kelele, na kurekodi njia zote kwa wakati mmoja, ili mhandisi aone ni sehemu gani ya daraja inayoumia. Kisanduku cha mizani, kinyume chake, hujumlisha seli nne kuwa namba moja, hivyo kosa la pembe moja hujificha ndani ya jumla. Fundi hana skrini ya kumwonyesha. Ana mawe, penseli na kiuno kinachokubali kuinama, na kwa maoni yangu kazi yake ndiyo ngumu zaidi.

Pembe zote zikikubaliana, anaiweka sifuri, anapakia mawe katikati, anathibitisha uzito, anafunga kisanduku. Hapo kazi yake imekwisha, lakini mizani bado haijaruhusiwa kupima samaki wa kuuza: kwa Sheria ya Vipimo na Mizani ya Kenya, Sura ya 513, mizani iliyorekebishwa lazima ithibitishwe upya na mkaguzi na kupigwa muhuri. Unapouza samaki wako, tafuta muhuri huo kabla ya kusoma kilo.