Imigongo Ukutani: Ni Sanaa ya Wapi?

Mtu akitembea Gisenyi, kuanzia ufukwe wa Kivu hadi kwenye maduka ya vinyago, hakosi kuona imigongo: mbao zenye matuta yaliyopakwa rangi nyeusi, nyeupe na nyekundu, zikionyeshwa kama sura ya Rwanda. Mwanafunzi wa Kiswahili hahitaji kamusi kulielewa jina hili. Umugongo wa Kinyarwanda na mgongo wa Kiswahili ni neno moja la Kibantu, na matuta yenyewe yanafanana kweli na migongo iliyopangwa sambamba.

Asili yake si hapa. Simulizi humtaja Kakira, mwana wa mfalme Kimenyi wa Gisaka, mashariki mwa nchi, kuwa ndiye mbunifu. Baadaye ikawa kazi ya wanawake, waliopamba kuta za ndani ya nyumba. Mavi ya ng'ombe huchanganywa na majivu, ambayo huondoa harufu. Matuta huumbwa kwa vidole, hukaushwa na kusuguliwa, ndipo rangi hupakwa. Baada ya 1994 sanaa hii ilikaribia kupotea, na ushirika wa wanawake wa Nyakarambi, wilayani Kirehe, ndio ulioiinua.

Tumezoea kuigawa kazi ya sanaa katika fani na maudhui. Hapa mgawo huo unakwama, kwani ubaoni hamna mtu, mnyama wala mlima. Mna pembe na mistari inayojikunja tu. Mwanafunzi atasema kazi haina maudhui. Sikubaliani naye. Umbo linalojirudia hufanya kazi kama mizani katika shairi: jicho hulizoea, kisha kipimo kikipotoka kidogo, pale kidole kilipoteleza, mkono wa fundi huonekana. Kwa kigezo hiki, mbao nyingi zinazotengenezwa kwa ajili ya watalii ni dhaifu. Rangi zake za dukani zinang'aa mno na matuta hayana kina, hivyo mwanga wa dirishani hauleti kivuli chochote. Imigongo isiyo na kivuli ni karatasi ya kufungia zawadi.

Wapo wanaodai kwamba Rubavu ionyeshe vyake: mawe ya Nyiragongo, au mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja na miti yake mirefu ya nyavu. Hoja ina uzito, ila haitoshi. Sambaza wenyewe waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo nani anawaita wageni? Ninachodai ni kwamba mgeni apokee kitu cha hapa. Ningependa kuona ubao unaoiga weusi mkavu wa lava. Nyundo, penye shule ya sanaa, ni humu humu wilayani.

Linalotuhusu zaidi sisi walimu ni maelezo. Kiswahili ni lugha rasmi tangu 2017, na mpakani na Goma ndicho kinachopatanisha bei kila asubuhi. Hata hivyo, kibandiko chini ya ubao aghalabu ni cha Kiingereza, tena sentensi moja tu kuhusu mavi ya ng'ombe. Mama anayevuka na kapu la nyanya hana lake la kusoma. Kwa hiyo kazi ya muhula huu ni hii: kila mwanafunzi achague ubao mmoja, aandike maelezo ya maneno 60 kwa Kiswahili, na neno "mavi" lisiwemo katika sentensi ya kwanza.